Umurerwa wa Ndani ya Bokali

Dancille alimuuma Umurerwa, Umurerwa akamuuma Dancille. Njo vile balijuana, na hakuna urafiki yenye ilianzaka na ukweli kupita ile.

Ilikuwa mvua ya kwanza, miezi kidogo mbele volcan ishuke ndani ya muji. Mvua ilikatika, jua ikachungulia, na inswa zikatoka, zile kumbikumbi za mabawa. Siku inswa inatoka, mu Birere, mutaa yetu pembeni ya mupaka, hakuna mukubwa wala mudogo. Hata mukatekista anaacha rozari, anashika beseni. Na mutu mwenye alizaliwa mu milima ya Masisi hangojeaka sufuria: anakamata mududu na mabawa, anangoa, anatupa mu kinywa ingali inatembea. Mwenye hajakula vile asituzungumuzie habari ya utamu.

Dancille alizaliwa Masisi. Alikuwa muuzishaji wa viazi, mujane wa Habarurema mwenye vita ya kwanza ilimeza. Hakuwa na mutoto, na ndugu ya bwana yake, mbwa bale, balishakubeba hata viti. Ile siku alisimama mbele ya mulango: anakamata, anangoa, anatupa. Hakuangalia. Kumbe moja ilikuwa nyeusi, na kiuno nyembamba sawa msichana wa kwaya, na inswa haina kiuno. Akatupa. Mududu ikamukamata ulimi, ikakatala kuachia.

Akaitema mu kiganja. Jirani yake Perpétue, mwenye midomo yake haijuake dimanche ya kupumuzika, akamuambia aiponde. Dancille akaiangalia. Ile mududu ilikuwa imebakia na mabawa ya upande moja. Ikaitoa yenyewe, na miguu yake, polepole, sawa mama mwenye ametoka misa, anavua kikwembe ya muzuri juu aanze kazi.

"Huyu haliwi," Dancille akasema, na ulimi imevimba. "Huyu amekuja kukaa."

Akamutia mu bokali, chupa pana ya mayonezi. Sasa Birere haina udongo, ni mawe ya volcan tu. Ukitaka kupanda hata kitunguu, unaomba udongo sawa mutu anaomba chumvi. Lakini magunia ya viazi yenye ilikuwa inatoka Kibati ilikuja na udongo kule chini, nyeusi, laini. Dancille akaichekecha, akaimwanga mu bokali, akatoboa kifuniko na sindano, akaweka bokali katikati ya sahani ya maji juu mududu asivuke. Akamuita Umurerwa, jina ya mutoto wa kulelewa. Na siku mayai ilionekana, nyeupe sawa chembe za chumvi, akasema wenye balikuwa banamuita tasa banaweza kuja kuhesabu.

Mayai ikatoka basisimizi: kumbe Umurerwa alikuwa malkia yabo. Bakwanza balikuwa bembamba sana, na bavivu kidogo. Dancille akabapa kichwa ya sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa, tone ya maji ya sukari, chembe ya bugali. Alikuwa anaacha bateja na viazi yabo mu mikono, anakimbia nyumbani sawa mutu mwenye ameacha maziwa mu moto, juu ya kuangalia namna gani wanane banavuta mubawa ya nzi. Alikuwa anacheka peke yake ndani ya nyumba mupaka Perpétue akapitisha habari kama mujane ameshapata bwana.

Kisha volcan ikashuka. Juma yote ile chini ilikuwa inatetemeka, sahani zinagongana. Asubuhi ile Perpétue alichungulia bokali, akaona basisimizi bote bamepandisha mayai mupaka kifuniko. Nyuma ya saa sita moto ilikuwa mu muji, inatembea mu barabara sawa mwenye nyumba. Ilimeza Birere, ikameza na magunia ya viazi. Batu balibeba matelas za kulalia, balibeba mashini ya kushona. Papa mumoja alibeba mulango yake, nyumba hakuna. Dancille alifunga bokali mu mugongo na kitenge, akavalisha kifuniko kofia ndogo ya sufi, akakimbia upande wa Gisenyi, muji ya ngambo.

Kwa barrière ya mupaka musoda mumoja akasukuma batu: mama wa mutoto apite. Dancille akapita. Kule ngambo mama mumoja wa kanisa akamuletea uji ya mutoto, akauliza kama ni kijana ao ni binti.

"Ni binti," Dancille akajibu, kisha akakunywa uji. "Na yee mwenyewe iko anazala."

Ule mama akafanya alama ya musalaba, akaenda kutafuta wakimbizi wengine.

Kisha siku kidogo batu balirudia, juu njaa ya ngambo ilikuwa mubaya kupita moto ya nyumbani. Dancille akasimamisha nyumba ya mbao juu ya mawe yenye ilikuwa ingali inapasha miguu, sawa bote. Perpétue yee alikuwa ameshazungusha habari mu avenue, barabara yetu yote: basisimizi ya Dancille ilijua mbele kama volcan inakuja. Dancille alijua vile iko. Basisimizi banabeba mayai kila mara unatikisa bokali, hata chukudu, ile baiskeli ya mbao, ikipita na mzigo banabeba. Na ile juma hata mbuzi ya kipofu ilijua kama chini haitulie. Lakini batu balianza kumusalimia mbele, bakamuletea sukari ya basisimizi, bakamuita Mama wa Habari. Akanyamaza. Kinywa yenye iko na sukari haikatalake kitu.

Miaka ikapita. Rebellion moja inatoka, ingine inaingia, zinabadilisha majina sawa mutu anabadilisha shati. Umurerwa alikuwa palepale, anazala. Dancille alibahamisha mu bokali kubwa ya bonbon za batoto, yenye alinunua kwa duka. Kisha barebele na bunduki zabo bakafika Kibati, karibu ya muji, viazi ikakatika mu soko, na kila asubuhi mutu alikuwa anachungulia mu dirisha yake.

"Mama Dancille, bameamukaje?"

"Banakunywa sukari."

"Basi hatukimbie." Na mutu anaenda ku kazi yake na moyo baridi.

Asubuhi moja ya mvua, Dancille akaona basisimizi bamelegea juu ya baridi. Akasogeza bokali karibu ya mbabula, jiko ya makala, akaweka sambaza ikaangike, akatoka kutafuta maji. Moto ikapasha kioo. Basisimizi bakabeba mayai, bakakimbilia juu, bakabanana kwa kifuniko sawa batu ku mulango ya misa ya Noeli.

Perpétue akaingia kuomba chumvi, akabaona. Hakuuliza kitu, hakugeuza sambaza, hata chumvi hakubeba. Alitoka na sauti mbele, miguu nyuma: barebele banakuja! Shefu wa avenue alikuwa Papa Ntirenganya, mutu wa tumbo kubwa na filimbi mu shingo. Alipiga filimbi ya kwanza mbele ya mulango yake. Ya pili ilisikilika kule ku kona, juu alikuwa ameshapanda pikipiki ya moto-taxi, na matelas ku kichwa. Bibi yake, Bénita, alikuwa nyuma ya nyumba anafua suruali ya ule ule bwana.

Avenue yote ikamufuata mupaka kwa ile barrière.

Dancille alirudia na bidon yake ya maji, akakuta kuku moja inatembea katikati ya barabara sawa mukubwa wa muji. Hakuna mutu. Akajua barebele bameingia. Hakutazama hata mbabula. Alifunga bokali mu mugongo, akakimbia, wa mwisho mu barabara, anakimbia habari yenye ilitoka mu nyumba yake mwenyewe.

Kwa barrière, avenue ilikuwa imekaa mu mvua, matelas zinakunywa maji. Dancille, bila pumzi, akauliza Perpétue barebele bamefika wapi.

"We njo unatuuliza?" Perpétue akasema. "Basisimizi yako njo ilituambia. Mayai yote ilikuwa kwa kifuniko."

Dancille akasimama. Akakumbuka mbabula. Kitenge yake ilikuwa ingali inanuka sambaza. Akauma midomo, akaangalia mawingu, akaangalia Ntirenganya vile amekumbatia matelas yake sawa mutu anakumbatia shemeji ku kilio. Kicheko ikamutoka mu tumbo, ikamuangusha mu matope, na bokali mu mugongo.

"Ni sambaza," akasema. "Balikuwa banakimbia moto ya sambaza."

Basoda ba barrière bakacheka nao. Avenue haikucheka. Ntirenganya akatangaza palepale, maji inamutiririka mu masikio: kesho, mbele ya bote, birika ya maji ya moto itamwangwa mu ile bokali.

Kicheko ikamukauka Dancille. Alizika bwana, alipoteza nyumba na viazi, na hakupigiaka mutu magoti. Siku ile, batu bakirudia nyumbani, alienda kumupigia Ntirenganya. Akamuambia ukweli yote: hata siku ya volcan basisimizi habakujua kitu. Ntirenganya akafikiri, kisha akajibu kama ni vile, basi bamedanganya avenue tangu zamani, maji itakuwa birika mbili.

Asubuhi avenue ilijaa mu lupango, kiwanja ya nyumba ya Dancille. Batu wenye balikuwa banamuletea sukari njo balikuja mbele, bapate fasi ya kuangalia muzuri. Mbabula inawaka, birika zinalia. Ntirenganya alivaa koti ya misa. Dancille akakaa chini, akaweka bokali mu mapaja, akaizungusha mikono.

"Mwanga," akasema. "Lakini utanimwangia na mimi."

Ntirenganya akashika birika. Bénita akatoka nyuma ya batu, mikono ingali na sabuni. Jana yake alimaliza kufua, akaingia mu nyumba, akakuta hakuna bwana, hakuna matelas. Usiku, matelas imeloa, akalala juu ya mbao.

"Papa Ntirenganya, mbele umwange, nauliza. Basisimizi bakiona hatari, banabebaka nini?"

"Mayai. Kila mutu anajua."

"Na mama yabo, banamuachaka?"

Dancille njo alijibu, pole, na kichwa chini, kama habamuachake hata siku moja. Bamoja banamuvuta, bengine banamusukuma.

"Ni vile nilifikiri," Bénita akasema. "We ulibeba matelas."

Mutu mumoja akacheka na pua. Kisha Perpétue. Kisha lupango yote ikapasuka, bazee bakashika mbavu, na papa wa moto-taxi akaanza kuonyesha vile shefu alikuwa anakamata matelas mu kona. Ntirenganya alibakia na birika inamuunguza mukono, hana fasi ya kuiweka. Bénita akaipokea. Maji haikupotea: balipikia chai, na sukari ya basisimizi.

Shefu alisema tu mududu hata moja isivuke ile sahani ya maji. Avuke wapi? Lakini mvua ingine ikakatika, jua ikachungulia, inswa zikatoka, na ndani ya bokali Dancille akaona binti za Umurerwa banatikisa mabawa. Batoto bakikomaa, unabafungia mulango juu gani? Akafungua kifuniko. Bakaruka bote, beusi, ba kiuno nyembamba, bakachangana na inswa.

Ntirenganya alikuwa wa kwanza mu barabara, beseni ku mukono. Yee pia ni mutu wa Masisi. Alikamata, alingoa, alitupa mu kinywa. Kisha filimbi ikaruka mu shingo, na sauti yenye ilimutoka si ya shefu. Ulimi ilivimba mupaka hakuweza kuita hata mbwa, na zile siku Bénita njo alichunga avenue. Ilitulia sana.

Ule mwaka barebele baliingia kweli mu muji. Ile asubuhi basisimizi balikuwa banakula bugali. Hakuna mwenye alinyanyua hata yai moja. Batu balikimbia na masikio yabo, bunduki inalia. Dancille alifunga bokali mu mugongo, akavalisha kifuniko kofia ya sufi, na mu barabara moto-taxi ikamupita. Ntirenganya alikuwa juu yake, na Bénita katikati yake na dereva, amemushika na mikono mbili. Matelas ilibakia.

Dancille alimuona shefu. Hakumusamehe. Lakini alicheka mupaka kwa barrière.