Mama Anaumwa Mgongo

Fundi cherehani alikuwa mtoto pekee wa mama yake, lakini alilelewa mjini na shangazi, na lugha ya mama aliijua ya kuombea maji tu. Mama alipougua akamfuata mjini, naye Kiswahili hajui hata neno. Pale hospitali, jambo hilo halikuwaumiza watu kichwa. "Si una mtoto, mama?" nesi alisema. "Atatutafsiria."

Basi akatafsiri. Daktari aliuliza panapouma. Mama akainamisha macho, akanong'ona. "Anasema mgongo," fundi akajibu bila wasiwasi. Wakapewa dawa za maumivu na kuambiwa asibebe mizigo. Wakarudi, mama kapungua: mgongo. Wakarudi tena, gauni alilomshonea linampwaya. Mgongo tu! Hakuna aliyejisumbua kumtafuta mwanamke wa lugha yake, ilhali kwenye foleni ya wagonjwa walikuwapo tele.

Safari ya nne mama alianguka kutoka kwenye benchi. Mgonjwa mwenzake, mwanamke wa kwao, akamwinua, akamuuliza mawili matatu sikioni, kisha akamgeukia nesi.

"Huyu anatokwa na damu ukeni tangu mwaka jana."

"Anaumwa mgongo," fundi alisema. "Kila siku ndivyo anavyosema."

"Mwanangu, kwetu mwanamke akisema mgongo mbele ya mtoto, ndiyo huko. Ulitaka akutajie wewe, uliyetoka tumboni mwake?"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Vipimo vikaonyesha saratani ya mlango wa kizazi, imeshasambaa. "Mngekuja mapema," daktari alisema. Mapema! Mara tatu walikaa mbele yake, yeye akiandika bila kuinua kichwa. Mwingine angempindulia meza. Fundi aliuliza tu kama yupo mtu wa kumweleza mama, maana yule mwanamke alikuwa ameshakwenda zake.

"Mwambie wewe. Si ndiwe mkalimani wake?"

Maneno hakuwa nayo. Akajishika chini ya kitovu, akatikisa kichwa huku machozi yanamtoka. Mama alitazama ule mkono, akaelewa kwamba mwanawe anajua. Akajifunika uso kwa mtandio.

Aliishi wiki chache. Fundi alimlisha, akamwogesha, akamwita kwa maneno yake yale machache. Mama alikufa akiwa ameelekea ukutani, hakumtazama tena.