Alama Kumi za Kaka Radi

Wiki mbili zilizopita, sokoni Kibondo, mwanamke mmoja alinifungia dagaa kwenye karatasi ya gazeti. Nilipofungua kifurushi nyumbani, harufu ilinikamata kabla sijawaona dagaa wenyewe: wino wa magazeti na samaki wakavu wa Kigoma, vikiwa vimeshikana kiasi kwamba huwezi kusema kipi kinanuka zaidi. Nilikaa kwenye kigoda na ile karatasi magotini mpaka maji niliyokuwa nimeinjika yakakaukia jikoni. Utoto wangu mimi unanuka hivyo. Nitawaeleza kwa utaratibu, kwa sababu nikianzia mwisho sitaweza kuendelea.

Mwaka 2013 tulikuwa tunaishi Kasulu mjini, nami nilikuwa darasa la tano. Kaka yangu Eliya alinizidi miaka mitatu. Alipigwa teke la ugoko uwanjani, jambo la kawaida kabisa. Mguu ukavimba, nasi tukaukanda kwa maji ya chumvi na majani kwa wiki nyingi mno, kila mtu akisema uvimbe unapungua. Tulipomfikisha hospitali Kabanga, usaha ulikuwa umeshaingia kwenye mfupa. Mama akahamia huko kumuuguza, Baba akabaki na shamba Kitanga, mimi nikapelekwa kwa shangazi, hapo hapo Kasulu. Kazi yangu ilikuwa kwenda Kabanga kila Jumamosi na chakula, nguo zilizofuliwa, na katuni.

Katuni za mashujaa zilifika Ijumaa kwa basi, zimefungwa bunda kwa kamba ya katani, zikisafiri juu ya magunia ya dagaa. Zilishushwa dukani kwa Mzee Salumu, mtu wa Tanga aliyeishi Kasulu miaka mingi lakini bado akilalamikia baridi yetu kana kwamba ameshuka jana. Kamba ilikata nakala za juu na za chini za kila bunda, na mafuta ya dagaa yakazitia madoa. Hizo hazikuuzika. Alinipa mimi, nakala moja ya kila katuni, kwa sharti kwamba nizisome na kumwambia ipi nzuri, ili ajue wiki ijayo aagize zipi kwa wingi. Macho yake yalikuwa hayawezi tena herufi ndogo.

"Haya, mheshimiwa hakimu," alikuwa akiniambia, "wiki hii nani anafungwa, nani anaachiwa?"

"Mama Chuma afungwe, babu."

"Kosa lake?"

"Kainua lori tena. Mara ya nne hii."

"Lori la nini?"

"La saruji."

"Muache huyo. Mwambie apite hapa Ijumaa anishushie mzigo."

Katuni zilikuwa tatu. Mama Chuma aliinua vitu vizito. Pacha wa Moshi walikuwa ndugu wawili waliopita kwenye matundu ya funguo. Wa tatu, ambaye Eliya alimpenda kuliko wote, aliitwa Kaka Radi: kijana aliyepigwa na radi akichunga ng'ombe, na tangu siku hiyo nguvu za radi zikawa zinamtoka mikononi. Sisi wa nyanda za juu tunaijua radi. Imewahi kuua mbuzi tisa wa jirani yetu kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo tulimsoma Kaka Radi kama watu wanaosoma habari za mtu wa kwao.

Maoni yangu niliyaandika kwenye daftari la kurasa arobaini, kwa penseli. Kila toleo lilipata aya moja na alama juu ya kumi, kama mwalimu wetu wa insha alivyotufanyia. Nayakumbuka mengi kwa moyo. "Mama Chuma, toleo la wiki hii. Hali, hanywi, hata uji. Nguvu anatoa wapi? Tatu juu ya kumi." "Pacha wa Moshi. Mwizi amekamatwa ukurasa wa pili, kurasa zilizobaki wanaongea tu. Nne." "Kaka Radi. Mchoraji hajawahi kuona radi. Ameichora kama mshono wa suruali. Lakini pale alipomkumbatia mama yake na kuogopa kumuunguza, nimejisikia vibaya. Sita." Alama ya juu niliyowahi kutoa ilikuwa sita na nusu.

Mnaweza kucheka, na hata mimi hucheka. Lakini wodini maoni hayo yalikuwa na kazi. Homa ilikuwa imemlegeza Eliya macho, na alikuwa na nguvu ya kusoma katuni moja tu kwa wiki, kurasa mbili asubuhi, mbili jioni. Akipoteza nguvu hizo kwenye toleo baya, hakuna nyingine. Kwa hiyo nilikuwa nasoma zote tatu njiani, nikitembea kandokando ya barabara na kapu kichwani, na nikifika namsomea maoni kabla hajagusa kitu. Alisikiliza amefumba macho.

"Toa alama," alisema kila mara. "Na usinionee huruma."

Sikuonei, nilimwambia. Ilikuwa kweli. Siku moja nilimpa Kaka Radi mbili, na Eliya alicheka mpaka Mama akamshika mguu usitikisike.

Sasa nifike kwenye ile Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara ilikuwa tope jekundu linalonasa viatu. Nilisimama chini ya mti kusoma Kaka Radi. Adui alikuwa amemnasa juu ya mnara wa simu, mawingu yamekwisha, radi hakuna. Anaanguka. Ukurasa wa mwisho ulimwonyesha chini, macho yamefumbwa, mkono mmoja umefunuka. Pembeni liliandikwa neno moja kwa herufi nene: MWISHO. Hapakuwa na "itaendelea". Nilitazama nyuma ya jalada, nikatazama ndani ya jalada. Hapakuwa na kitu.

Sijui kama mtanielewa. Tangu Eliya alazwe, nilikuwa nimejifungia kichwani mkataba ambao sikumwambia mtu: Kaka Radi akipona kila wiki, Eliya naye anapona. Niliung'oa ukurasa ule taratibu, nikiushika kwenye pini usichanike ovyo, nikaukunja mara nne. Kwenye kijito cha kabla ya hospitali niliutupa majini na kusimama mpaka ulipopita chini ya daraja. Kisha nikachuchumaa, nikaliweka daftari gotini na kuandika.

Mama alinisubiri nje ya wodi. Alikuwa amefunga kitenge kifuani kama mtu anayesikia baridi, na hakuuliza habari za nyumbani.

"Jumatatu wanaukata," alisema. "Juu ya goti. Umesikia?"

Nilisema nimesikia.

"Yeye tumemwambia wanasafisha kidonda tu. Ukiingia umchekee. Ukimwambia atakata tamaa, na akikata tamaa nitakuwa sina mtoto. Sawa, mama?" Aliponiita mama, nilijua ananiomba, haniagizi.

Eliya alikuwa amepungua tena. Masikio yake yalionekana makubwa. Kulikuwa na harufu ya dawa na, chini yake, ile harufu nyingine ambayo sote tulijifanya hatuisikii.

"Mama amekwambia nini huko nje?"

"Wanasafisha kidonda Jumatatu."

"Mchungaji naye kaja jana, kasema nitacheza mpira Krismasi. Baba kasema nitalima. Muuguzi kasema mimi ni shujaa." Alinitazama muda mrefu. "Haya. Toa maoni."

Nilifungua daftari. Nilianza na Mama Chuma, tatu na nusu. Pacha wa Moshi, nne. Kisha nikasoma: "Kaka Radi. Toleo hili ni zuri sana. Ameanguka kwenye mnara lakini radi imekuja kutoka mbali ikamdaka. Michoro ni mizuri. Kila kitu ni kizuri. Kumi juu ya kumi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, mtu akaburuta ndoo koridoni.

"Kumi?"

"Kumi."

"Hujawahi kumpa mtu kumi, Sofia."

"Wiki hii wamejitahidi."

Aliyafumba macho. Nilidhani amechoka. Akasema niiache katuni na daftari chini ya mto, atasoma akipata nguvu, kisha akageuza uso ukutani. Nilimfunika miguu yote miwili na kuondoka. Njiani nilijipongeza. Nilijiona nimemdanganya vizuri, kama mtu mzima.

Jumatatu walimkata. Mama alisimulia baadaye kwamba alipozinduka na kupapasa shuka, hakulia wala hakuuliza. Hakumuuliza mtu yeyote jambo lolote tena. Sumu ya ule ugonjwa ilikuwa imeshatangulia kwenye damu, siku zile tulipokuwa tunakanda kwa majani. Alhamisi asubuhi alifariki. Mimi nilikuwa shuleni, katikati ya somo la hesabu, nilipomwona shangazi mlangoni akiwa peku.

Tulimzika Kitanga. Ijumaa ya wiki iliyofuata, bunda lilishuka kwenye basi kama kawaida, likiwa na Mama Chuma na Pacha wa Moshi tu. Nilisimama mbele ya duka bila kujua nimefikaje. Mzee Salumu alikata kamba, akatoa nakala zenye madoa, akazishika mkononi bila kunipa. Mwisho akaziweka chini ya kaunta na kunisogezea kigoda. Sikutoa maoni siku hiyo, wala tena.

Kwa miaka niliamini kosa langu lilikuwa kumficha kuhusu mguu. Nimekuja kuelewa nikiwa mkubwa kwamba mguu alishaujua. Mtu hulala na mguu wake, huwezi kumficha habari zake. Kila aliyeingia wodini alimpa Eliya kumi juu ya kumi: mchungaji, Baba, muuguzi, Mama na tabasamu lake. Nilikuwa nimebaki mimi tu, mtoto wa miaka kumi na moja anayegawa tatu na nne, ambaye alama zake angeweza kuzipimia mambo. Laiti ningempa mbili siku ile na kumwambia Kaka Radi ameanguka, pengine angeniuliza lile swali lingine, la mguu wake, na angeingia Jumatatu akiwa na mtu mmoja upande wake. Badala yake nilihamia upande wa wengine wote, na alinisikia nikihama.

Daftari nililiona mwaka uliofuata, Mama alipofungua mfuko wa vitu vya hospitali aliokuwa hajathubutu kuufungua. Lilikuwa bado linanuka dagaa. Chini ya maoni yangu ya mwisho kulikuwa na mwandiko wa Eliya, wa penseli, uliopanda na kushuka kama wa mtu anayeandika amelala chali. Nadhani aliandika Jumapili, baada ya kujilazimisha kusoma toleo zima.

"Kaka Radi. Nimesoma. Ukurasa wa mwisho haupo, umeng'olewa kwenye pini. Siwezi kutoa alama bila mwisho. Sofia, Jumamosi uje nao. Usinionee huruma."

Akapiga mstari, akaandika "juu ya kumi", na kabla ya maneno hayo akaacha nafasi ya namba.