Kimo Kutoka Ukingoni

Cherehani iliyo karibu na dirisha katika karakana ya Meneja hailii tena. Imefunikwa kitambaa cha kijivu, na kiti chake kimesukumwa ukutani, lakini watu wanaoingia bado hulizunguka lile pengo sakafuni kana kwamba kuna magoti ya mtu pale. Mafundi watatu wamejaribu kuiendesha. Wa kwanza alivunja sindano nne kabla ya chai. Wa pili alisema mashine ina jini. Wa tatu aliaga kwenda kununua vocha na hakurudi.

Aliyeikalia kwa miaka kumi na tisa aliitwa Bi Chaki na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, kwa sababu ya kipande cha chaki kilichokaa nyuma ya sikio lake la kulia mpaka ngozi ya hapo ikawa na weupe wake. Kazi yake ilikuwa vivuli vya boti ndogo: paa la turubai juu ya mabomba yaliyopindwa, la kuinuliwa jua linapochoma na kukunjwa nyuma linapopungua. Watu waliiona kuwa kazi ya sindano. Yeye aliijua kuwa kazi ya futi, na sindano inakuja baadaye kutii tu.

Hakukubali kukata kitambaa kabla hajashuka gatini. Alikuwa akiingia ndani ya boti, anakaa, kisha anaweka alama mbili za chaki ukingoni mwa boti, kulia na kushoto, mahali ambapo miguu ya fremu ingefungwa. Kutoka alama hizo ndiko kila kipimo kilikotoka. Upana aliupima kati ya alama na alama, wala si kwenye tumbo la boti, ambako ndiko penye upana mkubwa na ndiko kila mtu hukimbilia. Urefu aliukadiria ili vichwa vya waliokaa vipate kivuli na injini iweze kuinuliwa bila kugusa kitambaa. Kimo nacho alikipima kutoka ukingoni kwenda juu.

"Kivuli hakisimami sakafuni," aliwaambia wateja waliokuwa na haraka. "Kinasimama ukingoni. Pima pale kinaposimama."

Karakana ilikuwa ya mume wa mdogo wake. Huyo alipenda kuitwa Meneja, na watu wakamwita hivyo, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi siku zote na mfukoni alichomeka kalamu mbili. Kwa mteja alikuwa na maneno matamu hasa. Ila hajawahi hata siku moja kuchuchumaa ndani ya boti akashika futi, na hakuwahi kumuuliza shemeji yake kwa nini anachuchumaa.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mrefu kama mlingoti, aliyenunua boti ndogo ya kuvulia kwa ndoana na kusomea magazeti. Bi Chaki alimpimia. Kimo: mita moja na ishirini na tano kutoka ukingoni. Akaandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia, kama alivyoandika sikuzote, halafu jino likamlaza nyumbani siku mbili.

Katika siku hizo mbili Meneja alipita mezani, akaiona ile namba, akamkumbuka mwalimu alivyo, akacheka peke yake. Mita moja na robo? Hicho si kimo cha mtoto wa darasa la pili? Akafuta kwa kiganja, akaandika mita moja na tisini, akampelekea fundi wa mabomba. Bi Chaki aliporudi alikuta kilichobaki ni kitambaa tu, na kitambaa kina upana na urefu, hakina kimo. Akashona. Hakuwa na habari.

Fundi wa mabomba aliifunga fremu ukingoni, ikapaa juu ya kichwa cha mwalimu karibu urefu wa mkono mzima. Upepo wa saa tisa ulipokuja, uliingia chini ya turubai lile ukalishika kama mtu anavyoshika mwavuli wa jirani. Boti ililala ubavu hatua hamsini kutoka gatini. Mkono wa mwalimu ulibanwa kati ya boti na nguzo, ukavunjika kwenye kiwiko.

Meneja alifika kabla nguo za mwalimu hazijaanza kuchuruzika. Akawatazama watu waliojaa gatini, akanyoosha kidole.

"Huyu hapa ndiye aliyepima. Mimi nauza tu."

"Sikuandika hivyo," alisema Bi Chaki.

"Uliandika, shemeji. Tatizo ni macho. Umri umekwenda."

Watu wakacheka. Si kicheko kikubwa. Kilikuwa kile kidogo cha puani, cha watu wanaotaka tu jambo lipate mwenyewe waende zao. Bi Chaki alikimbia karakanani kuitazama meza. Ilikuwa imefutwa safi, kwa kitambaa chenye maji.

Uongo angeweza kuusamehe, au angeweza kujidanganya kwamba ameusamehe. Kile kicheko ndicho kilichomkaa kooni. Kesho yake hakwenda kazini, na hakwenda tena.

Alipanga chumba nyuma ya stoo ya mafuta, akanunua cherehani kuukuu na mashine ya kupindia mabomba, akashona mahema na viti vya magari. Mwenye boti hakumkaribia. Mwalimu alipokutana naye njiani alivuka kwenda upande wa pili, mkono wake umekunjwa kama anabeba kitabu kisichoonekana. Mara tatu au nne mdogo wake alikuja na ujumbe: Meneja yuko tayari waongee, wakae sebuleni, yaishe kifamilia. Bi Chaki alikataa. Hakutendewa ubaya huo sebuleni. Alitaka mdomo uleule, palepale gatini, mbele ya watu walewale, useme: nilibadilisha mimi. Alikiweka kisasi hicho kama mtu anavyoweka kiporo, anakifunika, anakifunua, anakinusa, anakifunika tena.

Akaanza mazoea mapya. Kila kazi iliyotoka mkononi mwake, hata turubai la kufunikia magunia, aliishonea kwa ndani kijimfuko cha nailoni inayoonyesha, na ndani yake karatasi iliyoandikwa kwa wino: upana, urefu, kimo, kimo kimepimwa kutoka wapi, na nani amepima. Halafu alishona mdomo wa mfuko. Chaki alibaki nayo sikioni tu, kwa kukumbuka.

Mwaka huu Meneja akanunua boti yake mwenyewe. Habari zilimfikia Bi Chaki kabla boti haijafika. Alisubiri. Alijua hakuna fundi karakanani anayeweza kushona turubai zito, na alijua kwamba mtu yule angeng'olewa kucha kabla hajamwomba ampimie.

Mdogo wake alikuja siku ya nne.

"Dada, nimetumwa."

"Naona. Ungekuja kwa hiari yako ungekuja na watoto."

"Nimeambiwa niseme ni kazi ya mteja."

"Haya, sema."

"Ni kazi ya mteja."

"Mteja gani?"

Mdogo wake akaangalia vidole vya miguu yake. "Dada, usinifanyie hivyo bwana. Ni boti yetu. Na wewe unajua."

Karatasi ya vipimo aliyoileta ilikuwa ya Meneja mwenyewe, herufi kubwa kubwa, na saini ya mtu anayeidhinisha bajeti. Upana ulikuwa sawa. Labda alimpa mtu ampimie. Urefu ulikuwa sawa. Kimo: mita moja na tisini.

Bi Chaki aliigusa namba ile kwa kidole. Kumbe miaka yote mitatu Meneja hakuelewa. Alidhani ni upepo tu.

"Kimo hiki kimepimwa kutoka wapi?"

"Kutoka wapi vipi?"

"Muulize. Aandike mwenyewe."

Karatasi ilirudi kesho yake. Chini ya namba, Meneja alikuwa ameongeza: *Kutoka sakafuni, bila shaka. Nimepima mwenyewe.* Maneno "bila shaka" aliyapigia mistari miwili. Bi Chaki aliyasoma mara tatu, akaikunja karatasi ileile, akaishonea ndani ya kijimfuko.

Kazi ile aliifanya kwa siku sita. Mshono aliurudia mara mbili, pembe akaziongezea viraka vya ngozi, mabomba akayapinda kwa mkunjo mmoja laini usio na kovu. Alishona kama anayemwandalia adui yake harusi. Hakuna aliyeweza kusema turubai lina kosa, maana halikuwa nalo. Lilikuwa refu kwa mita moja na tisini juu ya ukingo, kama lilivyoagizwa.

Mdogo wake alipokuja kulichukua, Bi Chaki alimshika mkono. "Siku ya kuzindua usipande."

"Nisipande kwa nini? Mume wangu kanunua boti, nimwangalie kutoka nchi kavu kama mkaguzi?"

"Nakwambia usipande."

"Wivu huo, dada," alisema mdogo wake, kwa upole, na akaenda zake.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, saa nane na nusu mchana. Gati lilijaa. Fundi wa injini alikuwepo, yule mwenye mdomo usiokaa bure, na mwalimu alikuwepo na mkono wake. Meneja alisimama ndani ya boti kwa shati jeupe, akainua fremu, akafunga mikanda. Turubai likapaa kama ghorofa. Jua lilikuwa limeanza kuegemea, na kivuli chote, kizuri, cheusi, cha pembe nne, kikatua majini pembeni mwa boti.

"Meneja," akasema fundi wa injini, "kivuli chako kimeshuka kuoga."

"Jua likipanda kitarudi."

"Jua linashuka, Meneja."

Watu wakacheka, na Meneja akacheka nao, kwa kuwa hajajua bado wanacheka nini.

Bi Chaki alisimama mwisho wa gati, mikono nyuma. Mpango wake ulikuwa rahisi: kunyamaza. Upepo wa saa tisa haujawahi kukosa miadi. Alitaka kumwona yule mtu anatoka majini na kalamu zake mbili, amelowa mbele ya kila mtu, na karatasi yake imeshonwa salama ndani ya nailoni. Alikuwa ameiona picha hiyo mara nyingi sana hata ilikuwa kama jambo lililokwisha kutokea. Ng'ambo, majani ya miti yalianza kugeuka upande wake mweupe.

Ndipo mdogo wake akavua viatu, akapandisha gauni kidogo, akaingia ndani ya boti. Meneja alijua kuogelea. Mdogo wake hakujua. Hata beseni la kuogea alipokuwa mtoto alilishika kwa mikono miwili.

Bi Chaki akatembea. Hakukimbia. Akaikanyaga kamba ya boti kwa mguu, akasimama juu yake.

"Fundi," akamwambia wa injini, "ndani ya turubai, pembe ya kushoto, kuna mfuko. Tusomee."

"Shemeji, ondoka kwenye kamba," alisema Meneja.

"Asome kwanza."

Fundi wa injini alikuwa amekwisha panda. Alinyoosha shingo, akasoma kwa sauti ya matangazo. "Upana, mita moja na sitini. Urefu, mita mbili. Kimo, mita moja na tisini, kutoka..." Akasoma tena kimoyomoyo. "Kutoka sakafuni, bila shaka. Nimepima mwenyewe. Saini ya Meneja."

Kila mwenye boti pale gatini alilishusha jicho kutoka juu ya turubai mpaka ukingoni, kutoka ukingoni mpaka sakafuni, akaiona ile tofauti. Safari hii kicheko hakikutoka puani.

Aliyekizima ni mwalimu. Alikuja mbele polepole.

"Na changu," aliuliza, "kilipimwa kutoka wapi?"

Meneja akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimtazama yeye, viatu mkononi, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa miaka mitatu. Kisha akatoka botini, akasimama kando ya dada yake.

"Nimeuliza," alisema mwalimu.

"Sakafuni."

"Alipima nani?"

Upepo ulifika. Turubai lilivimba, boti ikainama ingawa imefungwa, na Meneja akadaka bomba kwa mikono miwili.

"Yeye aliandika vingine," akasema. "Nilibadilisha mimi."

Bi Chaki alikuwa amengoja kusikia maneno hayo siku zaidi ya elfu moja. Yalikuwa mafupi kuliko alivyodhani. Alisubiri moyo utulie, haukutulia, ulitaka ayarudie.

"Sema tena. Wa nyuma hawajasikia."

"Nilibadilisha mimi."

"Dada, inatosha," alinong'ona mdogo wake.

"Haijatosha."

Meneja alimwomba basi akate miguu ya fremu, ibaki mita moja na robo, yaishe. "Wewe ndiye unayejua, dada," alisema, naye hakuwahi kumwita dada.

"Sikati. Uliagiza, nimetengeneza."

Meneja akaifungua fremu mwenyewe, skrubu moja moja, akaibeba mabegani kupanda nayo barabara nzima, watu wakimpisha. Kwenye mlango wa karakana haikupita. Akaisimamisha nje.

Mwalimu alimfuata Bi Chaki mpaka chumbani kwake. Alisema angependa apimiwe upya, kama itawezekana.

"Njoo Jumatatu," alijibu Bi Chaki. "Kuna watu mbele yako." Hapakuwa na mtu hata mmoja.

Mwezi uliofuata Meneja alimtumia ujumbe kwamba cherehani yake ya zamani ipo, na kiti kipo. Bi Chaki aliacha chumba cha nyuma ya stoo ya mafuta, akatafuta kingine.

Fremu ile bado imesimama mlangoni kwa Meneja, turubai lake halijachanika popote, na wateja wanaosubiri hukaa chini yake. Bi Chaki sasa yuko mkabala nayo, ng'ambo ya barabara, chumba cha pili kutoka kona. Hufungua saa moja asubuhi. Meza yake ameiweka ikiangalia nje.