Sura Iliyobaki Kwenye Tovuti

Niliwahi kusimama mbele ya wafanyabiashara wadogo katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam na kuwafundisha tovuti nzuri ya biashara inatakiwa iwe na nini. Nilikuwa na kalamu ya mwanga mwekundu na shati lililopigwa pasi na mtu mwingine. Nikasema iwe nyepesi, ifunguke hata kwenye simu ya bei nafuu. Mteja aone mara moja unauza nini, uko wapi na atakupataje. Picha ziwe zako, si za kuokota. Na juu ya yote weka sura ya mwenye biashara, kwa sababu hakuna anayependa kuzungumza na ukuta. Wengi waliohudhuria walikuwa wanachaji simu. Aliyeandika alikuwa mmoja tu, mume wa dada yangu, ambaye alikuja kutoka Mafia baada ya mimi kumwambia kwamba chakula cha mchana ni bure.

Shemeji alirudi kwao Ndagoni, kulekule Mafia, akaifungua tovuti kweli. Walikuwa na nyumba ya wageni katikati ya shamba la minazi ambalo dada alilirithi kwa baba yetu. Nyumba ilikuwa ya dada, lakini mambo ya nje yalikuwa ya mumewe. Ndiye aliyeandikiana na wageni wanaokuja kuogelea na papa potwe, wale wakubwa wasiouma, ndiye aliyewapokea kiwanja cha ndege Kilindoni, ndiye aliyewatafutia boti ya kwenda kisiwa cha Shungimbili. Dada alipika, akatandika vitanda, na akawa na neno la mwisho juu ya kila kitu. Kwenye tovuti nilipendekeza waweke sura zao wote wawili.

"Mimi?" dada aliniuliza. "Nianikwe huko dunia nzima ipite inaninusa, kama samaki ng'onda?"

"Ng'onda ananunuliwa, dada."

"Basi muanike shemeji yako. Yeye amekwisha kauka."

Mumewe alicheka hadi kofia ikamdondoka. Ikawekwa picha yake peke yake: kofia ya kahawia, ndevu zilizopakwa hina, mkono umeinuliwa kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wageni waliipenda. Wakishuka kwenye ndege walizitafuta ndevu zile nyekundu kabla ya kutafuta mizigo.

Kisha asubuhi moja alianguka uani, na alasiri tukamzika.

Kwetu simu ya marehemu haiachwi ndani. Mjane ameingia eda, anakaa nyumbani miezi minne na siku kumi, na haionekani vizuri apokee sauti za wanaume wasio maharimu zake. Wanaopiga kutoa pole wengi ni wanaume. Kwa hiyo simu inapelekwa mkekani nje, inashikwa na ndugu wa kiume wa marehemu, naye anapokea kila pole kwa niaba ya nyumba. Nimeuona utaratibu huu tangu utotoni, na siku ile niliuona mzuri. Simu ilipolia mara ya kwanza dada aliitoa mwenyewe kwa kuipitisha chini ya pazia. Aliyeipokea alikuwa mdogo wake marehemu, mwenye vyumba vya kupangisha pale Kilindoni, aliyelia kuliko sote.

Nilibaki Ndagoni kumsaidia dada. Kazi yangu ni kuandika, na ndugu wote wanakubaliana kwamba hiyo si kazi, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza nitarudi lini. Wageni waliokuwa wamekwisha weka nafasi walifika, nikawapokea mimi, vibaya, nikawapotezea begi moja. Baada ya hao hakuja mtu.

Ulikuwa msimu wa papa potwe. Tulisikia ndege ndogo zikishuka upande wa Kilindoni asubuhi na mchana. Dada, ndani ya shuka lake jeupe, aliinua kichwa kila mara, kisha akatazama mlango wa ua, kisha akarudi kwenye tasbihi. Vyumba vyote vilikuwa vimetandikwa. Alikuwa ameniambia wazi kinachomtisha: kama nyumba itakuwa tupu mpaka eda iishe, ukoo wa mumewe utakuja na huruma yao, na yeye hatakuwa na la kujibu.

Huruma ilikuja kabla ya hapo. Mdogo wake marehemu alifika kila Ijumaa, akikaa barazani nami, pazia la mlango likiwa baina yake na dada.

"Shikamoo shemeji," aliniambia, kwa adabu isiyo na doa.

"Marahaba."

Kisha akaligeukia pazia. "Shemeji, umeamkaje? Nyumba kubwa hii. Mwanamke peke yake, na minazi yote hiyo."

"Minazi hainisumbui," dada alijibu kutoka ndani. "Haiongei."

Akacheka kidogo. "Eda ikiisha tutakaa tuzungumze. Kaka hakupenda kitu chake kitoke nje ya ukoo."

Nikamuuliza kama wageni wanapiga kwenye ile simu. Alisema mtandao mbaya.

Mtandao ulikuwa mbaya kweli, kwa hiyo nilipanda mpaka kwenye mwinuko nyuma ya shamba ili niifungue tovuti. Ilifunguka polepole, kuanzia juu. Kofia. Ndevu. Mkono ulioinuliwa. Nilifurahi kumwona, nikakaa chini kwenye majani. Kisha vyumba vikaja. Dirisha lilikuwa na nondo zilizopakwa rangi ya bluu. Hatuna dirisha lenye nondo za bluu. Nikateremsha mpaka kwenye ramani. Alama ya nyumba, niliyoiweka Ndagoni kwa mkono wangu huku shemeji akisimama begani kwangu akisema kushoto, kushoto kidogo, ilikuwa imehamia Kilindoni.

Nilijaribu kuingia nirekebishe. Neno la siri lilikuwa limebadilishwa. Nikaomba jipya, na mtambo ukanijibu kwa upole kwamba umetuma msimbo kwenye simu ya mwenye akaunti. Hiyo ndiyo njia marehemu aliyoitaka, kwa kuwa aliiamini simu iliyo mfukoni mwake kuliko kitu kingine chochote. Nikampigia mdogo wake.

"Msimbo?" alisema. "Haujaingia hapa, shemeji. Ukiingia nitakwambia."

Nilipofungua tena alasiri ile, jina la dada, lililokuwa limeandikwa chini kabisa kama mwenye nyumba, halikuwapo.

Kilindoni kuna binti mwenye mwavuli anayesajili laini. Nilimweleza kwamba nataka kurudisha namba ya familia.

"Mwenyewe aje aweke kidole," alisema.

"Mwenyewe amefariki."

Aliniangalia, kisha akakiangalia kile kidude cha kusomea alama za vidole, kana kwamba kimeguswa na kitu. "Pole baba. Basi aje msimamizi wa mirathi, na karatasi zake."

Nilimshukuru. Msimamizi alikuwa huyohuyo mdogo wake marehemu, aliyeteuliwa na kikao cha ukoo mkekani, siku ya tatu, na mimi niliitikia amina pamoja na wenzangu. Nilivuka barabara kutafuta pikipiki ya kunirudisha, na hapo nikamwona anatoka kwa kinyozi. Hakuniona. Alikuwa amefuga ndevu. Zilikuwa zimepakwa hina, bado mbichi, zikiacha doa la chungwa kwenye ukosi wa kanzu.

Nilimwambia dada yote, isipokuwa hilo la mwisho. Alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa pazia.

"Picha yake hajaiondoa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikasema sijui. Mtu mwenye shahada mbili ana njia nyingi za kusema sijui, nami nilizitumia.

Eda ilipoisha dada alioga, akavaa dera la kijani na baibui, akaniambia tunakwenda kiwanjani. Hakuwahi kwenda kupokea mgeni hata mara moja. Aliandika jina la nyumba, ambalo kwenye tovuti lilikuwa bado lilelile, kwenye kipande cha boksi kwa wino mzito, akapanda pikipiki ya mbele, mimi ya nyuma, na njia nzima nilikiona kile kipande kimekumbatiwa kifuani kwake.

Ndege ilikuwa imekwisha tua. Tulisimama kwenye uzio pamoja na madereva. Hatua chache kutoka kwetu, akitupa mgongo, alisimama mtu mwenye kofia ya kahawia. Dada alishusha pumzi kwa sauti. Nilimshika mkono.

"Ile kofia niliidarizi mimi," alisema.

Wageni walikuwa mume na mke, wekundu kwa jua hata kabla ya kulipata. Mwanamke alitazama simu yake, akatazama watu waliopanga mstari. Dada aliinua boksi juu. Mwanamke akalisoma, nikamwona akilisoma, uso wake ukalegea kwa nafuu. Akapiga hatua kuja kwetu. Kisha mtu wa kofia akageuka na kuinua mkono, vilevile, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Mwanamke alitazama simu tena. Akatabasamu, akamwendea yeye.

Nilivuka nikawaambia kwa Kiingereza changu kizuri cha chuo kwamba kuna makosa, kwamba nyumba iko Ndagoni, kwamba mwenye picha ni marehemu. Mume aliniangalia kama wanavyowaangalia watu wanaong'ang'ania wageni viwanjani. Walikuwa wameonywa juu ya watu kama mimi.

"Shikamoo shemeji," alisema yule wa kofia, huku akipokea begi. "Usiwasumbue wageni." Kisha, kwa dada, bila pazia lolote baina yao: "Umetoka salama? Nitakuja Ijumaa tuzungumze."

"Ukija, vua kofia ya mume wangu," dada alisema. Hakupaza sauti. Madereva wote walisikia.

Hakuivua. Alifungua mlango wa gari, wageni wakaingia.

Dada alibaki amesimama na boksi lake. Nilidhani atalia, nikawa natafuta leso, ambayo sikuwa nayo. Badala yake alisogeza ushungi nyuma kidogo mpaka uso wake wote ukaonekana.

"Toa simu yako," alisema. "Tengeneza tovuti nyingine. Namba weka yangu. Sura weka hii."

"Hapa, dada? Watu wanatazama."

"Si ndiyo kazi yake? Piga."

Nilipiga. Jioni ile, kwenye mwinuko nyuma ya shamba, nilipokuwa naikuza picha ili niikate vizuri, niliona kwamba sikuwa nimempiga peke yake. Juu ya bega lake, ndani ya dirisha la gari linaloondoka, zipo ndevu nyekundu na macho yanayomtazama yeye. Nilijaribu kuzikata. Kila nilipozikata, bega la dada nalo lilikatika. Nikaipandisha ilivyo, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa kesho.