Siku tano za park pale Doha: hesabu yangu ya darasa la saba na daftari la Zai

Wakuu, heshima kwenu mlioko kazini na mlioko kijiweni. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu, na si chai. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi avute kiti.

Niseme kwanza kwamba mimi si mtu wa kushangazwa.

Nimeendesha gari kwenye vumbi la jangwa ambalo huoni hata boneti yako mwenyewe. Nimeona mwewe wa kuwindia amekatiwa siti yake ndani ya ndege, ametulia na kofia yake machoni, mimi nimebanwa siti ya katikati. Lusail, mji mpya pembeni ya Doha, nimeiona ikiwa mchanga mtupu, nikaiona inaota maghorofa.

Elimu yangu darasa la saba, na lenyewe nilimaliza kwa huruma ya mwalimu. Leo nina Fuso mbili, nyumba yangu haina tofali la mkopo, na wenye digrii mtaani wanakuja kuniomba ushauri. Sijisifu. Nawaambia ili mjue kwamba aliyekuja kunishangaza alikuwa na kazi.

Na alikuwa mtoto wa miaka kumi na daftari lake.

Turudi nyuma kidogo.

Mwaka 2006 nikaingia Doha kama dereva wa nyumbani. Familia ya watoto wanne, watundu kama nyani, lakini watoto wazuri. Kila Ijumaa baada ya Alasiri nilikuwa nawapeleka kwenye park moja ya michezo, jina naliacha. Mabembea ya umeme, magari ya kugongana, meli inayoning'inia, vitu hivyo.

Kwenye gari tulikuwa na yaya wao, Akinyi, Mkenya wa Kisumu. Mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko.

Ijumaa ya kwanza nikashuka na mimi, nimechana nywele, niingie. Getini nikamkuta mlinzi, Mganda, anaitwa Musoke, kila mwanaume kwake ni "ssebo", yaani bwana.

"Ssebo, leo ni familia peke yake. Bachela hapana."

"Bachela nani? Mimi nina mke na mtoto Tanga!"

"Tanga ni mbali, ssebo. Mimi hapa naona wewe na funguo ya gari."

Kwa ambao hamjafika kule: mwanaume ukienda peke yako, hata uwe na wake wanne na wajukuu, jina lako ni bachela. Na Ijumaa ilikuwa siku ya familia. Siku nyingine zote mimi nilikuwa barabarani, shule, soko, saluni ya Madam, rudi tena shule. Kwa hiyo siku niliyoweza kufika park ndiyo siku ambayo park hainitaki.

Nikakaa nje. Kulikuwa na ukuta unatoa kivuli upana wa mkeka wa kuswalia. Unakaa kwenye ukingo wa lami, kivuli kinasogea na wewe unasogea. Ndani unasikia watoto wanapiga kelele za raha, na harufu ya bisi inakuja juu ya ukuta bure.

Musoke akawa rafiki. Akipata nafasi tunakunywa chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na hiliki, riyali moja kikombe. Aisee, ile chai mpaka leo naitafuta, kila mtu anayejaribu kunipikia anaharibu.

Miaka mitatu, wakuu. Kila Ijumaa.

Sasa jioni nikiwarudisha nyumbani nachukua kadi yangu ya simu napiga Tanga. Zai, mwanangu, nilimwacha ana miaka minne. Anaing'ang'ania simu mama yake asishike.

"Baba, leo umefanya nini?"

Hapo mwanaume mzima unajibu nini? Baba amekaa ukutani saa tatu?

Nikabuni njia. Tukiwa njiani kurudi namuuliza Akinyi kwa Kiswahili, watoto hawaelewi, "Leo mmepanda nini?" Naye hakuwa mchoyo. Anakueleza treni linaloingia pangoni, ndani kuna popo wenye macho ya taa. Anakueleza kikombe kikubwa kinachozunguka mpaka unamwona mtu aliyekaa nyuma yako. Mimi nachukua kama ilivyo, najipachika mle ndani, namtumia Zai kwa simu.

"Leo baba amepanda treni la pangoni!"

Mtoto anacheka mpaka simu inakwaruza. Nilikuwa nalala vizuri usiku huo.

Baadaye nikatoka majumbani. Nikapata kampuni ya mabasi ya wafanyakazi, asubuhi unawatoa kambini Industrial Area unawapeleka site, jioni unawarudisha. Darasa la saba huyu huyu wakamfanya msimamizi wa madereva kumi na wanane. Wengine walikuwa na diploma zao. Nawakumbusha tu.

Kufika 2012 nikaweza kuwaombea mama Zai na Zai viza ya matembezi, siku thelathini. Rafiki yangu mmoja alikuwa anakwenda likizo, akaniachia vyumba vyake viwili kule Al Wukair. Kampuni ikanipa likizo ya siku kumi tu, hizo nyingine niende kazini kama kawaida.

Siku kumi. Swali likawa, siku ngapi za park?

Zai alishuka na begi, na ndani ya begi daftari la mistari, gamba la bluu. Tangu alipojua kuandika alikuwa anaorodhesha kila mchezo niliowahi kumsimulia, na ile ya zamani aliikumbuka yote. Amepiga namba. Ilikuwa kumi na tisa.

Nikapiga hesabu pale pale. Michezo kumi na tisa, minne kwa siku ili tusichoke, siku tano. Hesabu safi kabisa.

Mama Zai akaniangalia.

"Baba Zai, umetuita tuje kukuona weye ama tuje kuona mabembea?"

"Vyote."

"Siku moja yatosha. Miaka sita nimeishi na weye kwenye simu. Nipe hizo siku, tukae tu, nikupikie."

"Mama Zai, park ile naijua mimi. Siku moja huimalizi."

"Haya bwana, mwenye park."

Ukweli ni kwamba sikuwa napigania michezo. Nilikuwa na deni na lile geti. Nikanunua tiketi za siku tano kwa watu watatu kwa mkupuo, zisizorudishwa, na nikaamua tuanze Ijumaa makusudi.

Musoke bado yupo! Amenenepa, amepandishwa cheo. Kuniona nimeshika mkono wa mtoto na mke yuko pembeni, akasimama wima akapiga saluti.

"Ssebo! Leo una familia! Nyabo, karibu sana. Ingia, ingia!"

Wakuu, nilipita lile geti taratibu kama bwana harusi. Ningeweza ningetoka nikaingia tena.

Ndani nikakuta michezo tisa. Miwili imefungwa inafanyiwa matengenezo.

Nikasema labda mingine iko nyuma. Tukazunguka. Nyuma kuna vyoo na chumba cha kuswalia.

Mpaka Magharibi tulikuwa tumepanda yote saba, mingine mara mbili. Mama Zai alipanda meli moja akasema imemtosha mpaka kiyama. Zai ameshika daftari na kalamu, anaweka tiki.

"Baba, namba saba iko wapi? Treni la pangoni."

"Wameliondoa hilo. Wanaleta jipya."

"Namba kumi na mbili?"

"Nalo wameondoa."

"Namba kumi na nne?"

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Mtoto si mjinga. Alikuwa amemsikia Musoke anaongea Kiswahili, akamfuata getini. Mimi nikamfuata nyuma mbio mbio, sikuwahi.

"Treni?" Musoke anacheka kwa moyo mweupe kabisa. "Hapa treni haijawahi kuwa. Na baba yako hawezi kujua, huyu alikuwa anakaa pale nje, chini ya ukuta. Miaka mitatu! Hakuingia hata siku moja. Leo ndiyo ya kwanza!"

Alidhani ananisifia.

Zai akaniangalia. Sitausahau ule uso. Hakuwa na hasira, alikuwa anahesabu. Kila Ijumaa moja moja.

Mimi nikapanda mori. Nikatoa simu nikampigia Akinyi, bado alikuwa yaya pale Doha, nikaweka loudspeaker, maana nilitaka mtoto asikie kwamba treni lipo, hata kama si mimi niliyepanda.

"Akinyi! Lile treni la pangoni liko upande gani?"

Nikasikia anafunga mlango upande wa pili.

"Akinyi?"

"Wee, kwani umeingia ndani?"

"Niko ndani na mwanangu!"

"Aki pole." Akashusha pumzi. "Sikia nikwambie. Mimi nilikuwa nakaa kwa benchi na viatu za hao watoto, na maji yao, na sweta zao. Sijawahi panda hata moja. Ungenigeukia kwa gari ukiniuliza mmepanda nini na hiyo uso ya mtu ana njaa, ningekwambia nini? Nikwambie nimeshika viatu? Ikabidi nikutengenezee."

Wakuu, mimi ambaye sishangazwi nilikaa chini.

Miaka mitatu nimemwonea wivu mwanamke aliyekuwa anashika viatu. Na yeye ananihurumia mimi, kwa hiyo anatunga. Na mimi natunga juu ya alichotunga. Halafu mtoto Tanga anaandika kwa kalamu ya wino.

Kurudi Al Wukair Zai alilifungia daftari ndani ya begi. Ugali hakula. Mama yake akaniambia jikoni, "Miye nilijua zamani. Mtu aliyepanda mashine hapigi simu na sauti ya mtu aliyekaa juani. Nilikuacha kwa sababu mtoto alikuwa akicheka."

Nilimwambia, basi, siku nne zilizobaki nazitupa. Tutakaa nyumbani kama ulivyotaka.

Asubuhi yake niko sebuleni, naitazama tu chai yangu. Zai akatoka chumbani amevaa, amejitanda mtandio, daftari kwapani.

"Baba, twende. Bado namba saba."

"Zai, namba saba haipo, mwanangu."

"Najua. Twende."

Tulipofika hakuingia. Alinishika mkono akaniambia nimwonyeshe pale. Nikamwonyesha. Ukuta ule ule, kivuli kile kile. Akakaa kwenye ukingo wa lami, mimi pembeni yake. Tukakaa dakika kumi hivi, jasho linatutoka.

"Kuna joto, baba."

"Lipo."

"Miaka mitatu?"

"Mitatu."

Akainuka akajipangusa. Tukaingia ndani, akachagua benchi, akafungua daftari.

"Namba saba. Anza."

Nikaanza, nimeona haya. Treni linaingia pangoni, kuna popo wenye macho mekundu...

"Ya kijani. Uliniambia ya kijani."

Alikuwa analijua lile treni kuliko mimi. Alijua nilikaa behewa la ngapi. Alijua nani alilia na nani alidondosha ice cream. Mimi nilikuwa nasimulia na kusahau, yeye alikuwa amekaa mle ndani miaka sita.

Hivyo ndivyo tulivyomaliza zile siku. Michezo kumi ambayo haipo, tumekaa benchi tunaipanda mmoja mmoja. Siku ya tatu mama Zai aliyetaka siku moja ndiye aliyetutangulia kwenye gari, amefunga na maandazi. Namba kumi na sita alicheka mpaka akaomba maji. Mashine zenyewe sisi watatu hatukuzigusa tena.

Siku ya tano tuliiweka Ijumaa iliyofuata, kwa sababu Akinyi alikuwa na off, siku moja kwa mwezi. Nikamkatia tiketi. Alikuja amevaa gauni la kanisani na viatu vya kisigino.

Pale kwenye meli kijana wa mashine akamwambia visigino hapana, vua. Akinyi akavua, akageuka huku na huku hajui aviweke wapi. Amezoea kushika vya wenzake.

Zai akanyoosha mkono, "Lete, anti. Nitakushikia."

Akinyi alipanda ile meli mara sita. Kelele zake nadhani zilifika Al Wakrah. Zai amekaa benchi, viatu mapajani, kama amebeba mtoto mchanga.

Leo Zai yuko chuo, mwaka wa pili. Akinyi alirudi Kisumu, ana mgahawa wake. Musoke tulipotezana. Nimekaa kwenye hoteli kubwa kubwa tangu hapo, lakini Ijumaa Alasiri ikifika, roho inarudi kwenye kile kivuli, na karaki ya riyali moja.

Funzo nililopata ni hili. Mtu akikuuliza park akae siku ngapi, mwambie mashine zinaisha kwa siku moja. Hizo nyingine ni za benchi, na asimnyime mtoto, maana hakufuata mashine. Na kama ulikuwa umekaa nje, sema ulikaa nje. Atataka kukaa hapo na wewe.

Nyie mliokuwa Ughaibuni miaka ile, Ijumaa mlikuwa mnawaambia nini watoto kwenye simu? Mwageni hapa, na wenye treni zenu msione aibu.

Na kwa wale wa gharama, maana humu hamkosekani: tiketi zetu siku tano riyali mia nane themanini, ya Akinyi sabini na tano, na soksi za riyali sita alizolazimishwa kuvaa kwenye magodoro ya kurukia. Jumla riyali mia tisa sitini na moja.