Picha Arobaini za Mvua Ileile

Siku yangu ya kwanza kazini katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mkuu wa shule alinipa kipande cha chaki na darasa la nne. "Mwalimu, bitabu haiko," akasema. "Fundisha na kichwa yako." Sikutishika. Bukavu nilifundisha mashairi miaka mingi, na mwanafunzi wangu hata umwamshe usingizini angekupa beti zote.

Darasa la jirani lilikuwa la Maman Furaha wa Uvira, mshona nguo aliyeingia ualimu juzijuzi. Watoto wake hawakukariri. Walichora! Na wageni wote walipelekwa kwake kwanza. Wivu ulinikaba, sifichi.

Ikasikika kwamba mkaguzi wa shule kutoka wilayani Dowa atachagua mwalimu mmoja aende Lilongwe kila likizo kufundisha walimu wenzake ushairi. Loo, niliitaka kazi ile! Basi kila nilipokuwa sina kipindi, nilijibanza ukutani kando ya dirisha la Furaha, nikatega sikio. Alisoma shairi la mvua mara mbili, polepole, watoto wakiwa wamefumba macho. Kisha: "Sasa chora ile uliona." Maana ya shairi aliuliza mwishoni, kila mtoto akijibu kwa picha yake. Kumbe ni hilo tu!

Mkaguzi alipokuja, nikasoma shairi la mvua. Ili watoto wasiniaibishe, nikawachorea ubaoni nyumba, wingu na matone. Mkaguzi akakusanya karatasi arobaini: nyumba, wingu, matone.

"Mwalimu, mvua hii ni yako," akasema. "Ya watoto iko wapi?"

Kwa Furaha ubao ulikuwa mtupu, na jambo hilo sikio haliwezi kulisikia.

Lilongwe akaenda yeye. Nilimpongeza huku roho inaniuma, na kutega sikio sikuacha, miaka yote, hadi nikastaafu. Ninyi mnaoanza ualimu, msinicheke. Kuomba kufundishwa na mtu niliyemtangulia kazini kulinishinda.

Siku ya kuniaga niliitwa darasani kwa Furaha, naye aliwasomea watoto wake shairi la mwalimu mzee, wakachora. Mmoja alinichora nikila nsima, ugali wa huku, mwingine nimembeba mtoto mgongoni. Lakini karibu kila picha ilikuwa na dirisha, na kando ya dirisha, sikio.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Papa," Furaha akasema, "juu ya nini haukuingia? Kiti yako nilikuwa naiweka kila siku."

Nikageuka. Kilikuwepo, nyuma ya mlango, mahali pasipoonekana kutoka dirishani.