Begi Langu Jepesi la Mlima Meru

Jamani, miguu inauma, lakini aibu inauma zaidi. Mimi ni mwongoza watalii, na kwa safari hii ya siku nne nilijinunulia begi jepesi la mtumba pale Kijenge. Langoni mwa hifadhi mvua ilitunyeshea, tukafunga mabegi na mizigo yote kwenye viroba vinavyofanana. Nikabeba kimoja, nikapanda nikijisifu: "Begi ni kuchagua! Hili hata silisikii mgongoni."

Mzee Lazaro, mpagazi wetu, alikuwa nyuma akihema.

Kambini mpishi akatafuta tishu za chooni za wageni. Viroba vya wengine vikafunguliwa, hazipo. Kufungua changu, zikamwagika.

Mzee Lazaro akatoa begi langu kwenye kiroba chake.

"Mwanangu," akasema, "hili jepesi lako, kesho utalibeba mwenyewe?"